Kiberiti na Dawa Isiyo na Foleni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, tulimwita Kiberiti. Si kwa ukali. Ukali katika ukoo huu nimeuchukua mimi wote. Alikuwa fundi cherehani, na mfukoni mwake hakikosekani kiberiti. Mteja akileta kitambaa na kuapa kuwa ni pamba tupu, Kiberiti anachomoa uzi mmoja pembeni, anauwasha, ananusa. Pamba huacha majivu laini kama ya karatasi. Nailoni hujikunja ikawa shanga nyeusi.

"Mama, pamba yako hii haijawahi kuona shamba," humwambia mteja. "Nitakushonea, lakini joto likikupata usinitaje."

Kwa vitambaa alikuwa na mdomo. Kwa miili ya watu alikuwa kaburi. Akipima kiuno hakitamki, anakiandika, anakunja futi, anamnong'oneza mteja, "Siri yako." Wanene wa mtaa mzima walishona kwake kwa sababu hiyo.

Cherehani yake ilikuwa ya miguu, imekaa chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara. Ya umeme aliijaribu akairudisha. Alisema inakimbia bila kumwuliza. Sasa miaka ikampa mwili, na mwili ukamla magoti. Akawa anakanyaga huku ameuma meno.

"Wifi," nikamwambia, "magoti yako yanalia kuliko cherehani. Lete mafuta yake tuyapake."

"Anza kupaka ulimi wako. Ndio unaokwaruza."

Daktari hakumficha: apungue, la sivyo aache kukanyaga. Alirudi nyumbani. Jioni akaniuliza, "Nikiacha kushona, nitakuwa nani?"

Hospitali wakamwanzishia sindano ya kupunguza mwili, mara moja kwa wiki. Kwanza walimpima damu, moyo, mkojo. Wakaanza na dozi ndogo. Dawa ilitoka kwenye friji, na mfamasia alinakili namba ya kila boksi kabla ya kulitoa. Alipungua, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Shida ilikuwa mzani. Uliwekwa kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa, na muuguzi wake alikuwa na sauti ya mnada.

"Mama, mbona kilo zimegoma? Unakula usiku?" Akazitaja kilo zenyewe, tarakimu moja baada ya nyingine. Benchi zima likageuka.

Kiberiti alishuka kwenye mzani ule na hakurudi tena.

Mwenye saluni ya kona alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alimkalisha nyuma ya pazia, kwenye kiti laini, akamtolea boksi lenye maandishi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na vichupa vya unga mweupe wa kuchanganya na maji kisha kujidunga.

"Ni peptaidi, dawa ya kupunguza mwili, mrembo wangu. Ileile ya hospitali, ila hii haina foleni."

Wala haikuwa na mzani, wala kupimwa damu. Nilipoambiwa nikamfuata wifi chumbani kwake.

"Imetoka wapi?"

"Nje."

"Nje wapi? Hata kuku wangu wanashinda nje. Kiberiti chako kiko wapi leo?"

"Dawa haichomwi moto, wifi."

"Ya hospitali kuna watu wameshaichoma na kuinusa kabla yako. Hii kaichoma nani?"

Akainamia kitambaa chake. "Hospitali wananitangaza. Kule saluni nikiingia naitwa mrembo."

Hilo hata mimi lingenichukua.

Akapungua, tena upesi. Magauni yake akayabana mwenyewe, akakanyaga cherehani akiimba, magoti yakawa mepesi kama ya msichana. Kaka yangu, mtu asiyesifu hata mvua, alimsifu. Lilipokuja boksi jipya akaanza kutokwa na jasho na kutetemeka. Mwenye saluni akamtuliza: "Ni mafuta yanatoka."

Asubuhi moja kaka alimkuta ameangukia cherehani, jasho la baridi, gauni la mtu bado liko chini ya sindano.

Daktari akasema sukari ilishuka mpaka ubongo ukakaa na njaa muda mrefu. Kaka akapeleka kile kichupa cha saluni. Mfamasia akakiweka mezani kando ya kile cha hospitali. Kwa macho yangu vilikuwa mapacha.

"Hiki chetu nikikitilia shaka, najua pa kupiga simu, na waliokitengeneza watajibu," akasema. "Hicho chenu nimpigie nani?"

Walipokipima maabara wakakuta insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, ambao wifi yangu hakuwa mmoja wao. Tulipofika saluni tulikuta pazia tu.

Aliyemgeuza kitandani siku zote alizolazwa, akamsafisha na kumchana nywele, ni yule muuguzi wa mzani. Safari hii alisema naye taratibu, mdomo karibu na sikio.

Kiberiti amerudi nyumbani. Anatujua wote, anacheka kwenye mizaha. Magoti yamepona kabisa. Mikono ndiyo imesahau. Akishika mkasi anautazama kama mgeni ambaye jina lake halikumbuki. Kutwa anakanyaga cherehani isiyo na uzi, miguu ikienda sawasawa, kitambaa kikipita na kutoka vilevile kilivyoingia. Mimi hukaa naye, nikimwambia, "Umeshona vizuri, wifi." Tazama ulimi wangu ulipofikia.

Juzi alikuja mteja wa zamani, mama mnene aliyekuwa amehama. Hakuna aliyempa habari. Akaingia na kitambaa chake, akainua mikono apimwe kama zamani. Kabla sijasema neno Kiberiti alikuwa amesimama, ameizungusha futi kiunoni mwa yule mama, ameshika ncha zake. Akazitazama zile namba. Akazitazama mno.

"Ngapi, fundi?" mama akauliza huku akijibana tumbo.

Kiberiti akaikunja futi polepole, akamsogelea sikioni.

"Siri yako," akasema.

Yule mama akacheka kwa furaha, akamkumbatia. Mimi nikatoka nikaenda uani.