Bomba la Kitahana na Mhandisi Asiyetajwa

Kwa miaka thelathini na minne Profesa Reverien Niyomwungere alifundisha uhandisi wa maji katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, na kwa miaka yote hiyo alimsema mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa na jina. Darasani aliitwa "mhandisi fulani", na kisa chake kilikuwa kilekile: alilaza bomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi kijijini, akasahau kwamba njiani pana mwinuko, hewa ikajikusanya pale, maji yakagoma kupita. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akafungua koki mbele ya kwaya na ngoma. Koki ikapiga mluzi, ikatema matone matatu, basi.

Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Profesa naye alicheka, ila cha kwake kilikuwa kicheko cha mtu mwenye mwiba mguuni, kwa sababu mhandisi fulani alikuwa yeye mwenyewe. Kijiji kilikuwa cha kwao, kule Kitahana, wilayani Kibondo, na bomba lile ndilo lililokuwa kazi yake ya kwanza.

Baada ya aibu ile alipata nafasi ya kusoma Ulaya, akaondoka kama aliyeiba kuku. Huko akaandika juu ya hewa inayonaswa ndani ya mabomba. Aliporudi akaandika makala, kisha kitabu, mpaka wakamwita profesa. Tuseme ukweli: hewa ile ilimlisha, ikamjengea, ikamsomeshea watoto. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya, nacho ni kurudi na sululu kwenye ule mwinuko akaone kwa macho. Akija likizo kumsalimu mama yake, Esteri, aliipita ile koki akitazama upande wa pili.

Sasa alikuwa anastaafu mwezi wa nane, na alitaka kuondoka na siri yake salama. Ndipo akatokea Firdausi.

Firdausi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, binti wa mzee Salumu anayeuza mabomba na koki mjini Kasulu. Kukulia dukani kulimfundisha asiamini bomba mpaka alishike.

"Profesa, hicho kijiji kiko wapi?" aliuliza mbele ya darasa zima.

"Kiko mbali," Profesa akajibu, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Mbali gani? Wateja wa baba yake walimwelekeza kabla wiki haijaisha. Akaomba mradi wake wa mwisho uwe huo: kufukua bomba la Kitahana na kumtaja mhandisi wake kwa jina. Profesa alitamani kuukataa. Lakini angeukataa kwa sababu ipi? Akasaini, na usiku ule hakula.

Mwezi wa saba simu ikaita.

"Profesa, nimechimba kwenye mwinuko. Nimetoboa bomba, maji yamenirukia mpaka ushungi umelowa. Hewa hakuna."

"Haiwezekani."

"Njoo uone, Profesa."

Akaenda. Njia nzima alijiuliza maswali, na wala si juu ya maji. Kama hewa haikuwepo, kile kitabu kilikuwa cha nini? Na huyu binti akishaandika jina, yeye Profesa ataondokaje chuoni?

Alimkuta Firdausi amelowa jasho, mkononi ana sululu. Wakalifuata bomba kuteremka, wakifukua hapa na pale, mpaka likaingia kwenye shamba la migomba iliyonawiri kana kwamba kiangazi hakijui njia ya kule. Shamba lilikuwa la Esteri. Profesa alikuwa amekula ndizi zake kila likizo, na mwaka mmoja aliwaeleza ndugu zake, tena kwa mchoro, kwamba pale maji ya ardhini yako juu kwa asili.

Bibi Esteri alikuwa kwenye kigoda akipukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Leo umekuja na sululu? Nimekungoja sana." Akasogeza ungo. "Ni jembe langu. Siku mbili kabla ya mgeni wenu kufungua koki nilikuwa nalima hapa, likagonga kitu, maji yakaruka. Nikaogopa, nikafunika kwa majani."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Nikakuta unawaeleza wakubwa kwamba ni hewa, nao wanaitikia. Mtoto niliyemsomesha kwa pombe ya ndizi anasema hewa, mimi nisiyejua kusoma niseme jembe? Kisha wakakupeleka Ulaya kuisomea hiyo hewa. Nikasema, nikifungua mdomo watakurudisha."

Firdausi aliuma ushungi wake asicheke. Akainama, akafukua pale jembe lilipopita, akapima. Akapima tena.

"Profesa," alisema kwa adabu, "kwingine kote bomba liko mita moja chini. Hapa ni shubiri moja tu."

Profesa akainama, naye akapima kwa kiganja. Mama yake ndiye aliyejibu.

"Walipofika hapa wakichimba mtaro wa bomba, niliwaita kula. Ugali wa muhogo na dagaa. Reverien akawaambia vibarua, hapa kwa mama panatosha, nani ataliharibu?"

Hapo Profesa akaketi chini kwenye majani makavu, na suruali yake ya safari, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Karibu miaka arobaini alikuwa ameona haya kwa kosa ambalo hakulifanya. Alilolifanya lilikuwa la kijinga zaidi, na alikuwa amelisahau kabisa.

"Niandike nini?" Firdausi aliuliza taratibu. "Kwamba bomba lilikatwa na mwenye shamba?"

"Hapana. Andika mhandisi alichimba shubiri moja kwa sababu alikuwa na njaa. Jina lake ni Reverien Niyomwungere."

Firdausi akafungua daftari. Bibi Esteri alimtazama akiandika herufi kwa herufi, kisha akaweka ungo chini.

"Na mimi niandike," akasema. "Mwanangu asikae humo peke yake."