Uvimbe Uliorudi Mkononi

Siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, nilikuwa Sori, ufuoni mwa ziwa, nikianika omena, wale dagaa wadogo, mkono wa kulia ukakataa kukunjika. Vidole vingine vilikunjika, cha pete kikabaki kimenyooka. Nikageuza kiganja chini haraka, mama mkwe wangu Dorka asione.

Nilijua ni nini. Mwaka mmoja kabla, daktari mmoja wa Homa Bay alinipasua mkono huo huo, akakwangua uvimbe ndani ya mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha pete, akaziba shimo kwa kipande cha mfupa alichotoa nyongani. Akaniambia, "Mama, uvimbe huu si saratani, lakini una tabia ya kurudi. Uje kila miezi mitatu tupige picha ya mfupa, hata kama husikii uchungu." Nilienda mara moja tu. Nilikuwa kijana, omena ilikuwa nyingi. Nani angepoteza siku nzima kwenda kuonyesha mkono usiouma?

Sasa uvimbe ulikuwa umerudi, nami nikauficha. Miezi mitano nilisonga ugali kwa mkono wa kushoto, nikidanganya kwamba nimeungua. Kila asubuhi kabla sijafungua macho niliugusa kwanza, nikiomba uwe umepungua. Wapi! Huku kwetu watu husema ugonjwa ukikatwa kwa kisu ukarudi, basi si wa hospitali, ni sihoho, jicho baya la mtu limekutupia kitu mwilini. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nikamwendea Pilista, mama aliyejulikana kwa kuchanja watu kwa wembe ili atoe vitu hivyo.

Pilista akaubonyeza uvimbe, nikaruka kwa uchungu. Akaweka wembe chini.

"Nyar Magunga," akaniita, maana kwetu mke huitwa kwa kule alikozaliwa, "nani alikushona hapa?"

"Daktari."

"Na alikukataza kurudi?"

"Hapana, mimi ndiye sikurudi."

"Aa! Kumbe unaogopa kugombezwa, ndiyo ukakimbilia kwangu! Mimi natoa vitu vya tumboni. Wembe wangu haufiki mfupani. Ondoka, na nikisikia umechanjwa na mwingine, nitamwambia Dorka mimi mwenyewe."

Usiku huo nikamwambia mume wangu, Okelo, na kesho yake tulikuwa Homa Bay. Daktari hakunigombeza, heri angenigombeza. Alitazama picha, kisha akasema mfupa umebaki mwembamba kama ganda la yai na uvimbe umeshatoboa nje. Ningekuja mapema, angekwangua tena. Sasa kidole kiondoke na mfupa wake wa kiganjani, ili mkono ubaki.

"Mkianza na kidole," Okelo akauliza, "si mtaishia begani?"

Nami niliwaza hivyo hivyo mpaka dawa ya usingizi iliponichukua. Lakini hawakufika begani. Nilibaki na vidole vinne, na kwa vidole hivyo vinne nimelea watoto sita.

Mwanangu, ukishapasuliwa mfupa, usijihesabu umemaliza kwa sababu kidonda kimekauka. Rudi upigwe picha ukiwa mzima. Ukihisi kitu kigumu pale pale, mwambie mtu siku hiyo hiyo, na usikubali wembe ukuguse. Kama ulikosa siku za daktari, nenda hivyo hivyo na aibu yako. Aibu inapona, lakini mfupa ulioliwa haungoji.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono yenye nguvu, na moyo wa kusema mapema pale unapoumia.