Alishona tanga jeusi, akalipeleka mbele ya baba yake

Jua ndiyo kwanza linatokeza, na fundi wa matanga amepiga magoti kwenye sitaha ya mashua, tanga zito jeusi limemlalia mapajani. Kiganjani amevaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Upepo wa usiku umepasua kitambaa karibu na pembe ya juu, na mpiga picha anataka tanga lipande mapema, kabla mwanga haujawa mkali.

"Usinisimamie kichwani, mwanangu," anamwambia bila kuinua uso. "Uzi haujui haraka."

Mpiga picha anarudi nyuma. Bahari bado haijamkubali. Kila baada ya muda anamkabidhi mwenzake kamera, anaegemea ukingo, anawalisha samaki, kisha anafuta mdomo na kurudi kazini. Siku ya kwanza walimcheka wote. Sasa wanamsogezea maji tu.

Bandarini fundi huyu anaitwa Sindano. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye mwili mwembamba, ingawa wanaomfahamu wanasema jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi. Leo vidole vyake ni vyeusi hadi vifundoni, maana tanga hili likilowa linatoa rangi. Limemchafua yeye, limechafua sitaha, limechafua hata shati jeupe la nahodha, ambaye tangu waondoke analalamika kwamba alikubali kuendesha mashua, hakukubali kugeuzwa mkaa.

Mashua ina milingoti miwili na imekodiwa na watu wanaotengeneza filamu ya makala kuhusu kisa cha Wagiriki wa kale. Hawakutaka kukisimulia wakiwa wameketi studio. Walitaka kukisafiria, chombo cha mbao, upepo na chumvi, ili mtazamaji aone jinsi tanga linavyoonekana kutoka nchi kavu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mfalme alikuwa na mwana. Mwana akapanda chombo chenye tanga jeusi kwenda kupambana na dude lenye kichwa cha fahali, lililokuwa likila vijana wa nchi yao. Walipoagana, baba alimwambia: ukirudi salama, pandisha tanga jeupe nikuone kwa mbali, nikiona jeusi, nitajua umekufa. Mwana akaliua lile dude, akarudi mzima. Tanga akasahau kulibadilisha. Mfalme alikuwa juu ya jabali akingoja. Akaona weusi unakuja, akajitupa baharini.

"Waliponihadithia niliwaambia basi, imetosha," anasema Sindano, akiuma uzi kuukata. "Kwetu nyumbani kuna mtu anayengoja. Hadithi kama hiyo haikai vizuri kichwani."

Anayengoja ni baba yake, mzee wa miaka sabini na minane. Naye alikuwa fundi wa matanga, na karakana ni yake: chumba kirefu nyuma ya ghala la vyuma, sakafu ya mbao iliyolainika kwa kuburuziwa kitambaa, harufu ya nta, na dirisha moja kubwa linalotazama lango la bandari. Hapo ndipo alipowafundisha watoto wake wawili kukata na kushona, Sindano na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba.

Kazi yenyewe imedorora. Zamani karakana ilishona matanga kumi na mawili kwa mwaka, na mengine yakakataliwa kwa kukosa nafasi. Mwaka jana yalikuwa mawili. Sindano anaishi kwa kushona vifuniko vya injini, mahema na viti vya magari. Ndiyo maana mwongozaji wa filamu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alipoingia kuagiza tanga zima la pamba, jeusi, la mkono, Sindano alikubali kabla hajauliza la nini.

Huyo mdogo wake hakubaki karakanani. Alipenda kusafiri kuliko kushona. Miaka tisa iliyopita yeye na wenzake wawili waliajiriwa kupeleka mashua kwenye bandari nyingine. Haikufika. Waliokwenda kutafuta walirudi na koti moja la kujiokolea na kipande cha mlango. Baada ya miezi, ofisi ikatoa cheti cha kifo.

Mzee hakukipokea. "Karatasi si mtu," alisema, na toka siku hiyo neno marehemu likapigwa marufuku nyumbani mwake. Msiba haukukaliwa. Jamaa waliokuja kutoa pole walikaribishwa vizuri, wakapewa chai, wakaambiwa kijana amechelewa.

Amechelewa miaka tisa. Baiskeli yake iko karakanani hadi leo, imeegemezwa ukutani, na mzee huijaza upepo matairi yakilegea. Akimaliza hurudi kwenye kiti chake dirishani.

Kuna mwingine aliyekwama ndani ya kungoja huko, naye ni mke wa kijana. Sindano humwita wifi, na anapomtaja sauti yake hupungua makali. Mumewe alipopotea alikuwa na miaka ishirini na sita. Si mjane, kwa kuwa baba mkwe hataki kulisikia neno hilo. Si mke, kwa kuwa hakuna mume. Mwalimu mmoja mstaarabu alikuja kumposa, akajibiwa na mzee kwamba mke wa mtu haposwi.

"Wifi yangu aliinuka," anasimulia Sindano. "Akaosha vikombe. Mimi ndiye niliyetaka kupasuka. Lakini utamwambiaje baba yako, Baba, mwanao amekufa? Nitaanzia wapi mimi?"

Mwongozaji alimwona mzee siku alipokuja kukagua upakaji wa rangi. Aliuliza yule mzee anatazama nini. Sindano akamjibu, bahari. Akauliza tena, kila siku? Sindano akamuuliza kama amekuja kukagua tanga au kumkagua baba wa watu.

Wiki moja baadaye mama yule alirudi akiwa na ombi. Alitaka mzee asimame ukutani bandarini, aigize mfalme.

"Nilimtolea maneno ambayo wewe huwezi kuyaandika gazetini," anasema Sindano. "Baba yangu si mwigizaji. Anayoyafanya pale dirishani si maigizo."

Ila ukuta wa karakana ni mbao tupu, na mzee ana masikio. Alitokea mlangoni akasema atasimama.

"Baba, unajua watakuonyesha tanga gani?"

"Si nimekuona ukilishona? Najua."

"Na unajua yule mfalme alifanya nini?"

"Nimesikia. Nataka nisimame pale alipokuwa amesimama."

Tangu hapo Sindano hakupata usingizi wa maana. Moyo wa mzee hauna nguvu. Daktari alishaonya asishtuliwe. Akianguka mbele ya tanga lile, litakuwa limemuua tanga la binti yake. Lakini kulikuwa na hofu ya pili, na hiyo alimwambia wifi yake peke yake, jikoni: itakuwaje akiliona, asishtuke, arudi kitini kwake, na nyumba ibaki hivyo hivyo mpaka wote wazeeke? Wifi alikuwa anakatakata vitunguu. Alisema, "Wifi, mwache aende," wala hakuinua kichwa.

Mpasuko umeshazibwa. Nahodha anaita, mabaharia wanne wanavuta kamba kwa pamoja, na tanga linapanda likijikunjua taratibu hadi kileleni. Upepo unalijaza. Kivuli chake kinafunika sitaha nzima, na hata nahodha anainua uso kulitazama.

Mashua inageuza omo, pua yake ya mbele, kuelekea bandarini. Ukuta wa mawe unaonekana, kisha ngazi zake, kisha mtu mmoja aliyevikwa joho la kahawia. Sindano ameshika mlingoti. Midomo yake inacheza; baadaye atasema alikuwa anamwomba Mungu.

Mpango ni kwamba mzee akiliona tanga afunike uso na kupiga magoti, basi. Mashua inasogea. Mzee hafuniki uso. Inasogea zaidi. Amesimama wima, mkono juu ya macho kuzuia jua, anatazama.

"Mwambieni apige magoti," mwongozaji anasema kwenye redio ya mkono. Kijana aliye nchi kavu anamsogelea mzee, anamnong'oneza. Mzee anatikisa kichwa.

"Nigeuze turudie?" nahodha anauliza.

"Usigeuze," anasema Sindano. "Ingia, ufunge kamba."

Nahodha anamtazama mwongozaji, anamtazama Sindano, anaamua yupi wa kumwogopa. Tanga linatuliwa, mashua inaingia, kamba inafungwa.

Mzee tayari ameshateremka hadi ngazi ya mwisho. Anashuka mpiga picha, mweupe kama unga, kamera bado begani. Anashuka fundi wa sauti, kisha mabaharia waliovuta kamba. Anashuka mwongozaji, anamuuliza kwa heshima mbona hakupiga magoti.

"Mama, yule mfalme alikuwa na haraka," mzee anamjibu. "Chombo hakijafunga kamba, yeye keshajitupa. Mimi nangoja nione nani anashuka."

Anashuka nahodha. Anashuka Sindano, wa mwisho, mikono myeusi, macho mekundu. Mzee anamshika bega, anaangalia nyuma yake.

"Tumeshuka wote, Baba."

"Na ndani?"

"Ndani hamna mtu."

"Wewe umeona. Mimi sijaona."

Pale Sindano angeweza kumbembeleza, kumfunika blanketi, kumrudisha nyumbani kama alivyofanya miaka yote hii. Hakufanya. Alimpa mkono, mzee akapanda mashuani, akainama, akaingia chumba cha chini.

Waliobaki ngazini wanasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Linafunguliwa jingine. Zinasikika mbao za sakafu zikiinuliwa, zile za kule chini kabisa maji yanakotuama, kisha zinarudishwa mahali pake, moja moja, na mtu asiye na haraka. Mpiga picha ameshusha kamera. Ameiweka juu ya mawe, lenzi yake imeelekea ukutani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mwongozaji hamwambii aiinue.

Mzee anatokea. Joho limelowa pindoni. Ameshika ukingo wa mashua, na rangi ya tanga imemwingia viganjani kama ilivyomwingia binti yake.

"Hayumo," anasema.

"Hayumo, Baba," Sindano anamjibu.

"Hata kwenye ile mashua yao hakupona mtu?"

"Hata kule. Hakuna aliyerudi."

Mzee anashuka, anakaa juu ya ngazi, miguu karibu na maji. "Nimewachelewesha," anasema, kisha analia. Analia kwa sauti, bila kujificha, na binti yake anakaa kando yake akiwa amemshika kiuno asije akateleza. Nahodha anavua kofia. Wavuvi wawili waliokuwa wakipita wanasimama, wanaelewa huu si wakati wa kuuliza, wanaendelea na safari yao.

Siku tatu baadaye karakanani kumetulia. Mwongozaji amepita asubuhi, ameomba ruhusa ya kutumia picha za mzee akiwa amesimama ukutani. Mzee amekubali kwa sharti moja. "Ila msiseme nilianguka," amemwambia. "Sikuanguka." Filamu yao, mama yule anasema, itamweleza mfalme aliyejitupa, halafu itamwonyesha mzee aliyesubiri mpaka kamba ikafungwa. Kilichotokea baada ya hapo hawana picha yake, na hawaitaki.

Jioni ile ile ya mashua, mzee alimwita mkwe wake. Wifi anasimulia akiwa mlangoni pa jiko, mikono bado ina povu la sabuni.

"Aliniambia, mwanangu, nimekushika muda mrefu kwa jambo ambalo halikuwa kosa lako. Nakuachia. Ukitaka kukaa, hapa ni kwako. Ukitaka kwenda, nitakusindikiza mwenyewe." Anapangusa povu mkononi. "Sikujua nifurahi au nilie. Nikaenda kufua."

Kuhusu yule mwalimu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze. Anasema kwanza ni msiba wa mumewe, mengine baadaye.

Msiba utakaliwa Ijumaa ijayo, siku tatu, ndani ya karakana, kwa kuwa ndicho chumba pekee kinachotosha watu. Sindano ameanza kusogeza meza na kukunja vitambaa. Mteja mmoja amekuja kudai vifuniko vyake vya viti, ameambiwa arudi wiki nyingine. Alipouliza kuna nini, Sindano alivuta pumzi, akamtazama baba yake aliyekuwa akifagia, akasema, "Tumefiwa." Mzee aliendelea kufagia.

Anasema baada ya msiba atatafuta kijana wa kumfundisha, maana kazi za matanga huenda zikarudi filamu ikionekana, na mikono miwili haitoshi. Hilo ni la mwezi ujao. Kwa sasa ana jambo moja tu.

"Watu wanadhani mimi ni mgumu," anasema. "Miaka tisa sijamlilia mdogo wangu hata siku moja. Ningemliliaje, na Baba anasema yuko njiani? Ijumaa nataka nimlilie mpaka nichoke. Na Baba awe amekaa hapo hapo, anisikie."