Shule Moja Mara Tatu

Kabla ya kuhama alikuwa makamu wa mwalimu mkuu, katika shule ambayo watoto walijaa hadi kwenye vizingiti vya madirisha, na jina la Makamu likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa alipokuwa na lake. Ifahamike tangu mwanzo kwamba hakuwa mtu wa kubabaishwa na mambo ya elimu. Baba yake alikuwa mwalimu, babu yake mwalimu, na shangazi zake wawili walistaafu wakiwa na chaki kwenye kucha. Watu wa ukoo ule hawaulizi shule inavyoendeshwa. Wao ndio huulizwa.

Sasa alikuwa nchi ya watu, akikunja mashuka katika kiwanda kikubwa cha dobi kilichofua nguo za mahoteli na hospitali. Alikunja vizuri, kona kwa kona. Shuka likikunjwa ovyo, alilikunjua lote na kumwita mhusika kwa kidole. Wenzake hawakumkasirikia. Walimwambia tu, "Makamu, hapa hakuna kengele."

Alikuwa na mtoto mmoja, binti mrefu, mchache wa maneno, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Kule walikotoka alikuwa amemaliza darasa la tano. Siku ya kumwandikisha shule ya msingi ya mtaani, ofisi ilitazama tarehe yake ya kuzaliwa, ikampeleka moja kwa moja darasa la mwisho. Makamu alitoka pale kifua mbele.

"Wamemrusha madarasa," alimwambia dada yake kwa simu, kisha kaka yake, kisha mtu aliyepiga namba kimakosa. "Wamemtazama usoni tu, wakajua."

Mkewe, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, ndiye aliyekwenda kwenye mkutano wa wazazi. Makamu alikataa. Mikutano ya wazazi aliiendesha, hakuihudhuria.

"Hawakumrusha," mkewe alisema aliporudi, akivua viatu mlangoni. "Hapa watoto hupangwa kwa umri. Waliozaliwa mwaka mmoja wanakwenda pamoja, ajuaye na asiyejua."

"Na asiyejua anarudia lini?"

"Harudii."

Makamu akatabasamu, tabasamu lile alilokuwa akiwapa wazazi waliokuja ofisini kumfundisha kazi.

Kwake yeye, darasa la mwisho lilikuwa na maana moja tu: mtihani. Akaanza kumtungia binti mitihani. Baada ya chakula meza ilifutwa, saa ikawekwa kando ya chumvi, naye akazunguka jikoni mikono nyuma, kana kwamba mbele yake wameketi watahiniwa ukumbi mzima.

"Usiangalie kwa jirani."

"Baba, jirani ni friji."

"Hata hilo usiliangalie."

Mkewe alivumilia wee, mwisho akasema. "Makamu, hakuna mtihani wa kumaliza. Walituambia mkutanoni."

"Basi wanapitaje?"

"Wanapita tu. Wakimaliza msingi wanakwenda sekondari."

"Hivi hivi? Kama maji?"

"Kama watoto."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nchi yenye barabara kama hizi, alisema, haiwezi kuacha watu wapite tu. Mtihani upo, ila wameuficha ili wazembe wajianike wenyewe.

Kisha ikaja fomu ya kuchagua sekondari. Ilitaka shule tatu, kwa kufuata anavyozipenda mzazi. Makamu alikuwa ameshachagua tangu wiki waliyofika, alipoiona kupitia dirisha la basi: shule juu ya kilima, majani yaliyokatwa yakawa sawa kama kichwa kilichonyolewa, na mnara wa saa. Aliipiga picha siku hiyo hiyo akawatumia ndugu. Akaandika jina la shule hiyo mstari wa kwanza, akaliandika mstari wa pili, na wa tatu akalikolezea wino.

"Mbona umejaza shule moja mara tatu?" mkewe akauliza.

"Ndiyo ninayoitaka."

"Ya pili weka hii ya nyuma ya kiwanda cha mikate. Iko hapa tu, rafiki yake naye anakwenda huko."

"Nilipokuja kukuposa, niliacha posa kwenye nyumba nyingine mbili, ikitokea mmenikataa?"

"Sijui. Uliacha?"

"Sikuacha."

"Basi ulibahatika, baba mtoto."

Ni kweli alikuwa na sababu. Alipokuwa ofisini, mzazi aliyeponyokwa na jina la shule nyingine mbele yake, faili lake lilishuka chini ya mafaili yote na kukaa huko. Mtu mwenye heshima zake hubisha mlango mmoja. Alituma fomu kwa roho nyeupe, akarudi kwenye mitihani ya jikoni.

Majibu yalipotoka aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi. Shule ya mnara ilikuwa imejaa watoto wanaoishi karibu nayo zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na chaguo jingine la kutazamwa, binti alipewa palipobaki pengo: shule ya ng'ambo ya reli ambayo hakuna yeyote kati yao aliyewahi kuisikia.

"Ni mbali?" binti akauliza.

"Si mbali sana," alisema Makamu.

"Mabasi mawili," alisema mama yake. "Na utatoka jua halijachomoza, utarudi limeshazama, peke yako."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani. Afadhali angelia.

Makamu hakukata tamaa. Alijua mzazi afanye nini mtoto akikosa nafasi, maana alifanyiwa miaka mingi. Mzazi anakuja, anakaa. Akifukuzwa kwa adabu anarudi kesho. Nje ya mlango wake kulikuwa na benchi lililong'aa kwa makalio ya watu wa aina hiyo, na wale waliolikalia mpaka yeye akachoka ndio watoto wao walioingia. Akaomba zamu ya usiku wiki ile pale dobini, akavaa suti, akaenda kukaa mapokezi ya shule ya mnara.

Mama wa mapokezi, mwenye miwani ya kamba shingoni, alimpa maji. Kesho yake akampa maji na gazeti. Keshokutwa akaweka kalamu chini.

"Baba, unamsubiri nani?"

"Mwalimu mkuu."

"Una miadi?"

"Sina. Nitakaa tu mpaka achoke."

"Achoke na nini?"

"Na mimi."

Mama yule akacheka, ila si kwa ubaya. "Hata akichoka hana cha kukupa. Nafasi zinapangwa na manispaa, na anayekaa karibu anatangulia. Wewe unakaa wapi?"

Akamtajia mtaa.

"Kumbe uko pale kwenye mikate! Na ile shule ya pale ilisemaje? Si uliiweka ya pili?"

"Ya pili niliweka hii."

"Na ya tatu?"

Makamu akautazama mnara kupitia dirishani. "Hii."

Mama wa mapokezi akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Umetupenda kweli."

"Nilitaka mjue."

"Kompyuta haijui mapenzi, baba. Sikiliza. Nenda pale kwenye mikate umwandikishe kwenye foleni ya wanaosubiri. Watu huhama, nafasi hutoka, na nyinyi mko karibu. Lakini foleni wanaifunga Ijumaa, na leo ni Alhamisi. Ukiendelea kunikalia hapa, utapata maji tu."

Alitoka akiwa amenywea. Kilichomuuma hakikuwa umbali. Kwao watu walikuwa wameshauona ule mnara, na kaka yake alikuwa ametundika picha yake kwenye ukuta wa sebule. Kwenda kubisha hodi shule iliyonukia mikate, kwenye foleni, kama mtu asiyejua mambo! Alipanda basi akijiambia kwamba mabasi mawili hayajaua mtu, na kwamba safari hukomaza.

Nyumbani alimkuta binti mezani, ametandaza ramani ya mabasi, anafuata mistari kwa kidole.

"Unasoma nini?"

"Najifunza njia. La kwanza likichelewa, la pili nitalikosa. Kwa hiyo lazima nipande lile la kabla yake, na pale kituoni hakuna taa." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani.

Makamu akavuta kiti. "Hivi wewe ulitaka shule gani?"

"Ya mikate."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, baba. Ulikuwa unanitungia mtihani."

Makamu akaikunja ramani, akamwambia avae viatu.

Ofisi ya shule ile ilikuwa ndogo, ina meza mbili na ua la chungu lililosahauliwa kumwagiwa maji. Karani alifungua jina lao kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Hamkutuchagua kabisa. Sasa hii niiandike chaguo lenu la ngapi?"

Makamu akafungua kinywa, na historia nzima ya ukoo ikaja kwenye ulimi. Akaimeza. "Langu ni la nne," alisema. "La huyu ni la kwanza, na anayesoma ni huyu."

Karani akaandika. Nafasi hakuna, alisema, ila wako mbele kwenye foleni. Wasubiri simu.

Hapo Makamu akaonja kusubiri. Simu ikilia alidondosha shuka, na wenzake wakaanza kuyakunja ya kwake kona kwa kona wakimtazama kwa huruma ya utani. Jioni yeye mwenyewe alimpigia dada yake, kabla habari hazijapotoka njiani.

"Ile picha ya mnara, dada, mwambie kaka aitoe ukutani. Fomu niliijaza vibaya."

"Nani aliijaza vibaya?"

"Mimi."

"Basi kwa shangazi nitasema mnara umebomoka," dada akasema. "Mtoto hajambo?"

Simu ya shule ilikuja akiwa katikati ya foronya. Kuna familia imehama. Nafasi ni ya binti yao wakiitaka, na jibu litolewe kabla ya kesho adhuhuri. Makamu alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Akauliza kama anaweza kupiga baadaye, maana kuna mtu wa kushauriana naye.

Binti alisikiliza akimenya viazi na mama yake. Hakuruka, hakupiga kelele. Aliweka kisu chini.

"Nyuma yangu kwenye foleni kuna wengine?"

"Wapo."

"Nao wanasubiri simu kama sisi?"

"Bila shaka."

"Basi piga sasa hivi, baba, useme ndiyo," alisema, akirudia kiazi chake, "waijue hesabu yao. Unawaweka watu roho juu."