Msimu Mzima wa Kujifunza Ngoro

Mimi ni mtu wa ziwani, wa Mbamba Bay, nimekuja Mbinga kufundisha. Nasema hivi ili ujue kwamba mambo ya milimani nilikuwa siyajui kabisa, na kutojua kwangu ndiko kulikonifanya nichezewe.

Kila Jumapili baada ya misa tulikutana walimu watatu nyumbani kwa rafiki yangu, Mmatengo wa Kitura, mtu wa kwanza kunipokea mjini hapa. Tulicheza mchezo aliojifunza chuoni, wa dadu na hadithi. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye daftari. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa kiongozi: anasimulia ufalme, mazimwi na vita, nasi tunasema wahusika wetu wanafanya nini. Tulicheka mpaka chai inapoa.

Sheria moja niliileta mimi. Mwenzetu wa tatu, mwalimu wa hesabu, alitaka mhusika wake ajue kupiga kasia kwa kurusha dadu mara moja. Nikamwambia, weee! Mimi nimezaliwa ufukweni, na bado mtumbwi ulinimwaga majini mpaka nikakoma. Ujuzi uchukue muda wake wa kweli. Wakakubali. Mhusika anayejifunza kitu atakaa nje ya vita mpaka utimie muda watakaoutaja wajuzi wenyewe.

Basi mwezi wa pili hadithi ikafika kwenye kilima kinachomomonyoka kwa mvua, na cha kukiokoa ni ngoro tu, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke na maji. Nikasema mhusika wangu ndiye atakayejifunza. Jumapili iliyofuata kiongozi akaleta jibu. Akasema amemuuliza mama yake, na mama kasema ni msimu mzima, tangu kufyeka majani mpaka kung'oa maharage.

"Na kama sheria yako unaipenda kweli, Madam," akaniambia, "nenda kwa mama ukajifunze mwenyewe."

Nikaenda, kila Jumamosi, kwa bodaboda. Nikajua kwamba majani yanalazwa kwanza kwa mistari inayokatana, ndipo unachimba katikati na kuyafukia kwa udongo. Viganja vilitoka malengelenge. Jumapili naketi na daftari langu, wenzangu wanaua mazimwi, mhusika wangu yupo tu mlimani na jembe. Sikulalamika. Kusema kweli nilijiona wa maana.

Maharage yakiwa yanakaribia kukauka, mama yangu mzazi akaugua, nikashuka ziwani wiki mbili. Niliporudi nikakuta kilima kimeshaokolewa. Mhusika wa mwalimu wa hesabu alijifunza ngoro jioni moja.

"Alichimba kwanza, halafu akatupia majani shimoni," mwalimu akanisimulia, anacheka.

"Majani yanatangulia!" Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka. Nikamgeukia rafiki yangu. "Na wewe Mmatengo mzima ukamkubalia?"

"Madam, si mchezo tu jamani," akasema, anakusanya dadu.

Nilitoka bila kuaga. Iliniuma, tena sana, maana sheria tuliiweka wote na aliyeiacha ivunjwe ndiye kiongozi aliyepaswa kuisimamia. Nikajisemea, mama yake atanielewa.

Jumamosi nikapanda Kitura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo sasa. Mama, hivi mtu anaweza kujua ngoro kwa jioni moja?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Jioni moja! Hapana. Wewe mwenyewe mkono wako ulikubali Jumamosi ya pili."

"Ya pili? Si ulisema kujifunza ni msimu mzima?"

"Nani, mimi?" Akaniangalia kwa mshangao. "Mimi hakuna aliyeniuliza. Mwanangu aliniambia umejitolea kunisaidia, maana mgongo huu umechoka na yeye hana nafasi. Kila Jumapili nakuombea kanisani."

Kumbe nilikuwa kibarua! Kumbe Jumapili zote zile alinitazama usoni, akaniuliza viganja vinaendeleaje, akanimiminia chai, na huku anajua. Nilitaka kulia na nilitaka kutukana, na mbele ya yule mama sikuweza hata kimoja. Yeye hakunikosea chochote. Nikainama, nikaanza kung'oa maharage yake.

Hatujamaliza mstari wa kwanza, simu ikaita. Ni mwanawe. Niliiacha iite kidogo, kisha nikampa mama yake.

"Yuko hapa, tunang'oa maharage," mama akasema kwa furaha. "Na wewe unakuja lini?"

Akasubiri. Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akanirudishia.

"Amekata," akasema.