Soja wa Mlangoni na Filamu ya Tang

Austine Makokha alikuja Dubai kulinda milango, lakini kazi aliyojaliwa ilikuwa kusema. Kwao Webuye alikuwa dijei wa banda la video. Filamu ikija kwa Kihindi au Kikorea, yeye ndiye aliyeshika maiki akawaeleza watu kwa Kiswahili nani kampenda nani, nani kamsaliti nani, na kwa nini jambazi analia. Hata filamu ikiwa mbovu watu walijaa ili wamsikie yeye. Kisha simu za mkononi zikaua mabanda, na Austine akajikuta ndani ya sare ya kampuni ya ulinzi, mbele ya jumba moja la sanaa huko Al Ras, ambako hakutakiwa kusema zaidi ya karibu sir, karibu madam.

Aliyemtoa kwenye ukimya huo ni Ghania, mpangaji wa maonyesho ya jumba hilo. Ghania amezaliwa hukohuko Dubai, ila babu zake walitoka Unguja, na kwao Kiswahili hakijakatika. Siku moja alimkuta Austine akiwachekesha wafagizi kwa kuwasimulia filamu aliyoiona zamani, naye akasimama nyuma ya nguzo mpaka mwisho.

"Kumbe wewe mtu wa filamu, huniambii?" alisema. "Hebu njoo uone kitu."

Akampeleka kwenye chumba cha giza alikokuwa akitayarisha filamu ya Mchina mmoja wa kale, Tang Shuiming, akaanza kumweleza habari zake. Tang alikuwa mtoto wa mpagazi wa bandari ya Shanghai. Hakuanza kwa kamera, alianza kwa mdomo. Zama hizo picha zilikuwa bubu, maneno yakiandikwa kwenye pazia, na wateja wengi wa mgahawa wa chai zilikooneshwa hawakujua kusoma. Basi Tang alisimama kando ya pazia na ufito wa mwanzi, akawasimulia.

Austine aliposikia hivyo alikaa chini bila kukaribishwa.

Baadaye Tang aliazima kamera akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe. Hakuwa na pesa za waigizaji, kwa hiyo aliwachukua majirani, wasuka vikapu, wanawake wa kufua nguo. Moja ilipendwa mno, ikapelekwa kwenye ukumbi mkubwa wa matajiri. Usiku wa kwanza mwenye ukumbi akapiga marufuku mtu yeyote aliyekuja peku. Waliokuja peku ndio walewale walioigiza. Tang akapanda juu, akaichomoa filamu kwenye mashine, akaondoka nayo kwapani.

"Wakamfanya nini?" Austine aliuliza.

"Walimfungia milango yote. Miaka na miaka hapati ukumbi. Halafu vita vikaja, ghala likaungua na filamu zake. Akakimbilia Hong Kong, akafa akiwa fundi wa miavuli. Imesalia hii moja tu."

"Watu hawana haya," Austine alisema.

Hiyo moja ilikuwa habari ya mama mfuaji aliyesingiziwa wizi wa gauni la hariri lililochukuliwa na maji, naye akaufuata mto mpaka alipolipata. Austine aliitazama tena na tena baada ya zamu, akitafuta sauti ya yule mama, sauti ya bosi wake, hata sauti ya mto. Ghania akapata wazo: Jumapili ya uzinduzi Austine aisimulie kwa Kiswahili, mbele ya Waafrika wafanyao kazi mjini. Madam Hala, mkuu wa jumba, alikubali. "Khalas," alisema, "wazo zuri sana."

"Waalike wenzako," Ghania akamwambia. "Kiingilio hakuna."

Mtu wa kwanza kualikwa alikuwa Loise, jirani yake kwenye vila ya kupanga vyumba huko Rashidiya, mwanamke wa Murang'a anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Aliposikia kuna filamu ya mfuaji alicheka sana, akasema lazima aje na zamu nzima. Na kweli alikuja nayo. Dereva wa basi la kampuni aliwahurumia akawashusha Al Ras moja kwa moja kutoka kazini, wakiwa na sare zao za kijani na ndala za plastiki, mikono imekunjamana kwa maji.

Nao wageni wa Madam Hala walikuwa wanaingia, wananukia udi. Madam alichungulia nje, akarudi ndani. Punde akatoka Ghania, macho chini.

"Kaka Austine, waambie watu wako wasubiri kwanza."

"Wasubiri nini?"

"Madam anasema mavazi. Wamekuja wafadhili. Hawa wataoneshwa siku nyingine, inshallah."

"Ni wewe uliyeniambia niwaalike."

"Najua. Lakini mie sina kauli hapa. Wewe ndiye wa mlangoni, waambie wewe. Watakuelewa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Wangemwelewa kwa sababu ni mwenzao, kwa hiyo atumwe yeye kuwafukuza. Alitembea hadi alipokuwa Loise, akamwambia kwamba hawataingia.

"Kwani tumekosea siku?" Loise aliuliza.

"Hapana."

"Basi tumekosea nini?"

Macho ya Austine yakashuka kwenye ndala. Loise akatazama miguu yake, kisha miguu ya wenzake.

"Si ungetuambia tu tuvae viatu," alisema polepole. "Viatu tunavyo."

Austine alirudi mlangoni. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na sauti ya Madam Hala ikamfikia akiwahutubia wageni. Alikuwa anawasimulia habari za Tang: jinsi alivyoichomoa filamu yake kwa ajili ya watu waliokuja peku. Alisema alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na makofi hayo yakawafikia hata waliosimama nje.

Kisha akaitwa. Wageni walikuwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, kwa hiyo walitaka ladha tu, dakika chache za Kiswahili, halafu arudi kwenye lindo lake. Ghania akampa maiki. Austine aliishika, akawatazama wale watu waliokaa kwenye viti vya mahameli, akasema kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, kwamba watu aliokuja kuwasimulia wako nje na ameambiwa awafukuze, kwa hiyo anawafuata. Akamrudishia Ghania maiki mkononi. Hakuna aliyepiga makofi.

Nje, penye uwazi ambapo wapagazi wa soko la viungo huegesha mikokoteni, alivua kofia ya kampuni, akaanza. Hakukuwa na pazia wala picha. Alisimulia filamu nzima kwa kichwa: mfuaji akiingia majini mpaka kifuani, bosi akimtupia maneno kutoka ghorofani, gauni likielea. Wapagazi walisimama kusikiliza. Mfuaji aliposhikwa na askari, Loise alifuta machozi kwa ukingo wa sare, na mwanamke mmoja nyuma yake akamtukana yule bosi kana kwamba yupo pale.

Asubuhi yake Irshad, supavaiza wake, alimwita. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba mteja hamtaki tena, yalla, akusanye vitu vyake. Akapelekwa Ras Al Khor, kulinda ghala la gia na milango ya magari yaliyogongwa. Huko kuna joto, vumbi na mbwa mmoja.

Baada ya wiki kadhaa Ghania alipiga simu. Walikuwa wameirekodi sauti yake wakati wa mazoezi, alisema, na filamu inakwenda kuoneshwa miji mingine. Madam angependa kuitumia. Jina lake litaandikwa, akaongeza.

"Loise na wenzake washaoneshwa?" Austine aliuliza.

"Bado. Unajua mambo ya ratiba."

"Basi waingize kwanza. Kwa mlango wa mbele, na ndala zao. Halafu ndiyo unipigie kuhusu sauti yangu."

"Nitamwambia madam," Ghania alisema, na simu ikakatika.

Hajapiga tena. Na ukimuuliza Austine kuhusu yule Mchina atakusimulia mpaka chai ipoe, lakini ukimtaja Madam Hala, anabadilisha mazungumzo, kwa sababu anasema bado hajapata neno la kumwita ambalo angeweza kulitamka mbele ya watu.