Kaburi Nililopikia Ugali

Mwanangu, mawe yale niliyachukua mimi. Kwa miaka ishirini na mitatu nimekana, kwanza kwa mdomo, kisha kwa maandishi, na maandishi yenyewe yakapewa alama A. Sasa nakiri, na yeyote anayetaka kuona aibu kwa niaba yangu na aendelee. Mimi yangu nimeshaimaliza.

Nakumbuka asubuhi tulipofika ziwani, wanafunzi sita wa historia na mahema mawili ya kuazima. Ni ziwa dogo, saa chache kwa gari kutoka Mpwapwa, ndani ya hifadhi ambayo wakati huo ilikuwa na choo kimoja na mlinzi mmoja, Mzee Ndahani. Kando ya maji palikuwa na safu ya malundo kumi na moja ya mawe. Mzee alituambia ni makaburi ya wapagazi, watu waliobeba pembe za ndovu kutoka bara kwenda pwani, wakaishiwa nguvu pale. Wenzao waliwazika, wakawawekea mawe ili fisi wasiwafukue, kisha wakajitwika mizigo wakaendelea na safari.

"Pigeni kambi popote," alisema, "ila mawe haya msiyaguse."

Tukaitikia kwa heshima. Tulikuwa wasomi, tuliitikia kila kitu kwa heshima.

Kazi yangu ilikuwa kubeba mafuta ya taa ya jiko. Niliyasahau Dodoma, mlangoni, ndani ya dumu nililoliweka pale makusudi ili nisilisahau. Mchana wenzangu walipokwenda kupima eneo, nikabaki na sufuria, unga, kuni za kuokota, na ule upepo wetu usiojua adabu. Ufuo mzima ni mchanga na tope. Hapakuwa na jiwe hata la kumpigia kunguru. Nikaitazama ile safu. Lundo la mwisho lilikuwa dogo kuliko mengine, nikajishawishi kwamba dogo namna ile halina mwenyewe. Nikachomoa mawe matatu makubwa ya chini, lundo likaporomoka. Nikainjika sufuria. Kabla ugali haujaiva, jiwe moja lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Kuyarudisha nikaona haya, kwa hiyo nilipoepua nikayasukuma yote kwa mti hadi ziwani. Wenzangu waliporudi wakausifu ugali.

Kesho yake Mzee Ndahani alikuja kambini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kabomoa lile lundo la mwisho?"

Nikajibu mimi, maana siku hizo nilikuwa na jibu la kila swali. "Labda ng'ombe, mzee."

Akayatazama majivu, kisha akanitazama mimi. "Ng'ombe wa huku hawapiki."

Angenitukana ningepata la kujitetea. Hakutukana; aligeuka akaenda zake. Hofu ya kufukuzwa chuo ikanishika, na wakati wa kuandika ripoti nikahakikisha kwamba hapakuwa na kaburi lolote la kubomolewa. Niliandika kuwa malundo yale ni mabaki ya mafiga ya wapiga kambi, na kwamba hakuna dalili yoyote ya makaburi. Ili kuficha mawe matatu, niliwafuta watu kumi na mmoja.

Mwaka huu, nikiwa nyumbani Kikuyu, hapa Dodoma, nasahihisha makala yangu kuhusu uaminifu (usicheke), nilipigiwa simu na afisa mmoja kijana wa hifadhi ile. Aliniita Dokta, cheo ambacho sijawahi kukifikia.

"Dokta, ripoti yako imetuokoa! Kuna mwekezaji anataka kujenga vyumba vya wageni pale ufuoni, na wazee wa kijiji wanang'ang'ania kwamba kuna makaburi. Wewe ulishaandika hakuna. Vigingi tumeshapigilia, bado saini yako tu kuthibitisha."

"Makaburi yapo."

"Mama," akasema, na udokta wangu ukaishia hapo hapo, "hao wapagazi nani anawajua? Hata majina hawana."

"Mimi namjua mmoja. Nilipikia ugali kichwani pake."

"Ukisema hivyo hadharani utajiaibisha."

"Mkutano wa kijiji ni lini?"

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu wote nikaeleza habari ya dumu, mawe na ripoti. Kumbe Mzee Ndahani alikuwa ameisimulia hadithi ile miaka yote, kwani mama mmoja aliyekaa nyuma alipaza sauti, "Aa, kumbe yule ng'ombe ndiye huyu!" Kijiji kikaangua kicheko. Hata mwenyekiti alijificha nyuma ya daftari lake. Afisa akasimama, akasema maneno ya mtu aliyekiri mwenyewe kuwa mwongo hayawezi kuaminiwa.

"Basi msiiamini na ripoti yake," nikamjibu.

Akakaa. Mzee Ndahani, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliondoka bila kunipa mkono.

Mwanangu, watakwambia uongo wa zamani umeshapoa, uuache ulale. Usiwasikilize. Uongo ulioandikwa haulali. Uko kwenye kabati fulani, unamngoja mtu wa kuutumia. Ukikosea, rudi pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale, useme kwa jina lako, na usikubali kufundishwa kunyamaza na mtu anayedai analinda heshima yako. Mimi yangu ililindwa kwa kuwafuta wafu, na sikuwahi kuifurahia hata siku moja. Wakikucheka, cheka nao, halafu malizia ulichokuwa unasema. Mungu akupe miguu ya kurudi na sauti isiyotetemeka. Ikitetemeka, sema hivyo hivyo.

Siku tatu baada ya mkutano, simu yangu iliita. Alikuwa Mzee Ndahani.

"Vigingi wameng'oa," alisema. "Mwekezaji kaambiwa atafute pengine."

"Mungu ashukuriwe, mzee."

"Sikiliza. Mimi sijakusamehe."

"Sijakuomba msamaha kwa simu, mzee."

"Vizuri. Siku ukija kuomba, usianzie kwangu. Anzia kule kwenye lundo."

Akakata.